Wasamniti Hawashuki Nyika

Siku ya kwanza nilipoondoa kikosi cha baba mezani, nilirusha mikono juu nikasema, "Nimekuua, baba!" Akaweka dadu chini. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Umefanya nini?"

"Nimekuua. Yaani siyo wewe, baba. Hawa askari wako wa pale mlimani."

"Hebu rudia."

Nani arudie? Kwetu mtoto hamtamkii baba yake neno kama hilo hata kwa mzaha, hata kama aliyekufa ni kipande cha karatasi ngumu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nikajaribu kusema nimekupiga. Ikawa mbaya zaidi, maana mtoto anayempiga baba yake anaifuata laana kwa miguu yake mwenyewe. Nikajaribu nimekushinda, akaniambia mchezo bado unaendelea, nimemshinda wapi? Nikaanza kuchemka. Mimi ni mtu wa moto, sifichi. "Sasa tusemeje, baba? Kila kikosi kikitoka tunyamaze kama tuko msikitini?"

Akafikiri. Baba akifikiri unaweza kwenda kuteka maji ukarudi umkute palepale. Mwishowe akakichukua kile kipande chake, akakilaza kifudifudi pembeni ya ramani, akasema, "Huyu amepumzika."

Ikawa ndiyo lugha yetu. Tangu hapo hakuna aliyekufa kwenye meza ile. "Baba, hawa wako wawili wamepumzika." "Na hao wako wa mtoni, mwanangu, naona nao wamechoka. Wapumzike." Mtu akipita nje akatusikia angedhani tunapalilia viazi.

Sanduku la mchezo lilikuwa la mgeni. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni upande wa Irente, huku juu milimani Lushoto, napika jamu na kuoka mikate, na huyo mgeni alikuja na mwenzake ili wacheze huku nje kukiwa na mvua. Siku ya pili wakagombana. Mmoja akaondoka zake, na aliyebaki akasema hataki kuliona tena hilo sanduku, nilichukue au nilitie motoni. Ndani mlikuwa na ramani kubwa ya kukunja, imegawanywa vyumba vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, vikosi vyekundu na vya kijani, dadu mbili, na kitabu cha sheria cha Kiingereza kinene kuliko Kiingereza changu. Nilikitafsiri kwa simu, tena kwa hasira. Simu ikaniambia jeshi lisilopata ugavi litanyong'onyea. Baba akauliza ugavi ndiyo nini. Nikamwambia posho.

"Si useme posho," akasema.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Warumi wa zamani walitaka kuichukua milima ya watu walioitwa Wasamniti. Mrumi ana nguvu uwandani. Akipanda mlimani posho haimfikii, anadhoofika. Msamniti ana nguvu mlimani. Akishuka uwandani hana lake. Mrumi amepewa zamu kumi na mbili za kuchukua miji yote ya juu, na zikiisha kabla hajamaliza, Msamniti ameshinda. Nilipomsomea baba hayo, akavuta vile vipande vya kijani upande wake kabla sijamaliza sentensi.

"Wasamniti, Washambaa," akasema. "Jina limeharibika njiani tu."

Basi mimi nikawa Mrumi wa kudumu. Na Mrumi hawezi kukaa. Lazima asogee, lazima ajaribu njia hii na ile, zamu zinamwisha. Baba yeye hakuwa na kazi ila kukaa juu ya milima yake na kusubiri. Kule chini kote tunakuita nyika, hata kama siku hizi kuna miji na taa za barabarani, na baba alishaapa kwamba kikosi chake hakitakanyaga nyika. Nikimchokoza kwa kuacha lejioni moja, yaani kikosi cha Kirumi, peke yake uwandani, kama chambo, aliitazama tu kwa huruma. "Huyo atapata homa hapo," alisema.

Sijui kama kuna mateso makubwa kuliko kucheza na mtu asiyesogea. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umekalia bati tangu asubuhi, mboga shambani hazikui, watu wamejikunyata, na mimi ndani ya nafsi yangu nataka jambo litokee, lolote lile. Nilicheza nimesimama. Nilizunguka meza. Nilitoka nje kutazama ukungu kama umesogea, nikarudi nikamkuta baba ameshika kidevu.

"Keti, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, baba."

Tukacheka wote wawili. Kisha nikaona mkono wake umeteremka taratibu mpaka kwenye mkanda, ukashika pale kwenye kinena, na kicheko chake kikakatika kabla ya changu.

Haya yote yangekuwa mchezo tu kama si hilo tumbo. Yeye alisema ni tumbo. Daktari wa pale mjini Lushoto aliniita pembeni akaniambia ni ngiri, ya siku nyingi, na imeshakuwa kubwa. Baba aliificha kwa kuwa mwanamume hamwelezi binti yake mambo ya ngiri, na nyumbani tumebaki mimi na yeye. Lazima apasuliwe, daktari akasema, lakini presha yake haitulii, hivyo wasingethubutu kumpasua huku. Apelekwe hospitali kubwa kule chini, Tanga. Halafu akaniambia jambo lililonitoa usingizi: utumbo unaweza kunaswa siku yoyote, na ukinaswa hatuhesabu tena siku, tunahesabu saa. Nikawaza toka kwetu mpaka barabarani, njia ya miguu, mtu anabebwa kwenye machela. Kisha kona zote zile mpaka Mombo. Kisha Tanga yenyewe. Saa zisingetosha. Niliwaza hivyo kila nikichota maji, kila nikikoroga jamu, na mapera yakaungua mara mbili, na bosi wangu akaniuliza kama nina mchumba anayenisumbua akili.

Baba akasema, "Sishuki."

Nilibembeleza. Nilinuna. Nilipaza sauti mpaka jirani akakohoa nje kwa heshima zake. "Mpanda ngazi hushuka, baba!"

"Mimi sikupanda ngazi yoyote. Nimezaliwa huku huku juu."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Nilijua kidogo kilichomfunga. Marehemu mama alishushwa kwenda hospitali hiyo hiyo, akarudi ndani ya sanda. Mimi nilikuwa shule ya bweni, na nilipofika nilikuta kaburi limeshafukiwa. Baba hakuwahi kunisimulia kilichotokea kule, na mimi sikuwahi kuuliza. Kwetu baba haulizwi mambo ya namna hiyo.

Siku moja uvumilivu ukaniisha kabisa. Nikakung'uta vile vikosi vyote mezani, nikamwambia, "Haya, tucheze kwa maana. Nikichukua miji yako yote kabla zamu hazijaisha, unashuka. Ukinishinda, sitakutajia tena hiyo hospitali."

Nilitegemea atafoka. Akacheka mpaka akakohoa. "Panga," akasema.

Alikubali upesi kwa sababu sikuwahi kumaliza mchezo hata mmoja nikiwa mshindi. Mimi ndiye mpumbavu niliyeweka roho ya baba yangu juu ya dadu mbili, na nilijua hivyo tangu nilipokuwa napanga vikosi, na bado nikapanga. Nilichoka kusubiri. Mtu akichoka kusubiri hufanya hata jambo la kijinga ili mradi amefanya.

Tulicheza baina ya Alasiri na Magharibi, nikitoka kazini. Zamu moja, siku nyingine mbili, kisha tunaifunika meza kwa khanga ili kuku wasivuruge. Mara hii nilicheza kwa akili, au nilidhani hivyo. Niliwagawanya Warumi wangu, nikapandisha wengine kwa mto, wengine kwa bonde, nikachukua mji wa kwanza, nikachukua wa pili. "Baba, wako watatu wamepumzika!"  Usiku nililala naiona ramani. Asubuhi nilifika kazini nikakuta nimevaa ndala mbili zisizofanana.

Kisha nikaona njia. Palikuwa na bonde jembamba kati ya milima miwili, wazi kabisa, na mwisho wake mji mkubwa wa baba umekaa bila mlinzi. Nikaingia na lejioni zangu nne, zote nzima, mbio mbio.  Zamu yake ilipofika, akachukua kikosi kimoja cha kijani akakiweka mbele ya bonde. Akachukua kingine, kile cha wazee kisicho na nguvu yoyote, akakiweka nyuma, pale nilipoingilia.

"Posho yako inapita wapi sasa?" akauliza kwa upole.

Nikatazama. Haikuwa na pa kupita. Ala! Nikaitazama tena kama kwamba njia ingeota.

"Hiyo ni kona," akasema baba. "Kama zetu za kushukia Mombo. Mwenye kushika kona ameshika barabara, hata akiwa kikongwe na fimbo."

Nilitaka kulia. Nilipiga meza kwa kiganja, dadu zikaruka. Na nilipoinua uso ili niseme lolote litakalonijia, nikaona baba ameinama. Ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja na ule mwingine uko pale pale kwenye kinena. Jasho limemtoka, katika baridi ile. Nikamshika mabega. Sikujua nifanye nini kingine. Tulikaa hivyo mpaka maumivu yakaachia, akashusha pumzi, akaniambia nisimkabe namna hiyo kama jini.

Hasira yote ikanitoka, nikabaki na hofu tupu. Nikapiga magoti mbele yake kama mtoto. "Baba, nakuomba. Tuache mchezo. Wakishakupasua haya yote yatakwisha, utapumzika."

Uso wake ukabadilika.

"Neno hilo usiniambie."

"Neno gani?"

"Hilo la kupumzika."

"Si wewe mwenyewe uliyelileta hapa mezani, baba? Sisi kila siku twalisema!"

 Nje ukungu ulishaingia mpaka barazani, na nilisikia mtu akiita mbuzi wake.  Kisha akaanza kusema, kwa Kishambaa, akitazama ramani, hakunitazama mimi.

Alisema mama alikaa kule chini siku nyingi bila kulala, kwa maumivu. Alisema yeye alishinda nje ya wodi kwenye benchi, kwenye joto la nyika, shati limemgandia mgongoni. Asubuhi moja akatoka nesi, msichana mdogo mwenye adabu, akamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, mgonjwa wako amepumzika."

Na baba, ambaye Kiswahili chake ni cha darasani na cha sokoni, alilisikia neno hilo kama tunavyolisema huku njiani: mtu ametua mzigo, ameketi kwenye jiwe, anapata pumzi. Alifurahi. Alimwambia yule nesi, "Alhamdulillahi." Akasema, "Mungu akubariki, binti yangu, maana alikuwa hajapata usingizi." Akachukua chupa ya chai, akatoka getini kwenda kununua uji, ili mama akiamka aukute wa moto. Alichagua wa ulezi, maana wa mahindi mama hakuupenda. Aliporudi na chupa yake akakuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa.

"Niliambiwa mke wangu amekufa," akasema, "nikamshukuru Mungu, nikaenda kununua uji. Watu wote wale walinitazama nikipita na chupa."

Nililia. Sikulia kaburini kwa mama jinsi nilivyolia pale, kwa sababu kaburini nilimlilia mama na kujililia mwenyewe, na sasa nilimwona baba akipita kwenye ule uwanja wa hospitali, ana haraka, uji usipoe.

"Sasa kwa nini ulileta neno hilo kwenye mchezo?" nikamuuliza nilipoweza.

"Nilitaka kulizoea," akasema. Kisha akavuta dadu. "Zamu ya nani?"

Nikamwambia sitaki tena. Akasema nimeweka ahadi, na ahadi ni deni, nicheze. Nikacheza. Siku zile za mwisho nilirusha dadu nikiwa sioni namba. Lejioni zangu nne zilipumzika moja baada ya nyingine ndani ya lile bonde, na mimi ndiye niliyekuwa nasema, "Imepumzika, baba," na kila nikilisema neno nilimtazama usoni, naye hakukwepa. Zamu ya kumi na mbili ikafika. Mji wake mkubwa ulikuwa bado umekaa pale juu, na kikosi chake kikongwe bado kimeshika kona.

"Haya," akasema baba. "Umeshindwa."

"Nimeshindwa."

Nilianza kukusanya vikosi kuvitia kwenye sanduku. Ahadi yangu ilikuwa nisimtajie tena hospitali, na sikujua nitaishije na ahadi ile, nimsikilize akiugulia chumba cha pili usiku kucha nami nimefumba mdomo.  Baba akajiinua, akashika fimbo.

"Kafungashe nguo zangu," akasema. "Kesho kutwa tunashuka."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Lakini umeshinda, baba."

"Ndiyo. Ningeshindwa ningekuwa nimeshushwa. Mimi sishushwi na mtu, hata akiwa Mrumi." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini nina neno moja. Akitoka mtu mle ndani akakuambia nimepumzika, usimshukuru Mungu. Usiende popote. Muulize kwanza: amelala au amekufa? Akwambie hivyo hivyo, kwa neno lenyewe."

"Astaghfirullah, baba. Siwezi kutamka hivyo."

"Utatamka. Ulikwishaniambia umeniua, hili litakushinda?"

Tukakodi gari la jirani. Kwenye kona baba alishusha kioo akawa anatazama magenge ya mlima. "Hapa wangekwisha wote," alisema, na kona iliyofuata, "Na hapa." Dereva hakujua wanaozungumziwa ni nani, akazidi kupunguza mwendo. Baada ya Mombo baba hakusema tena. Joto lilipotupiga alivua koti, akalikunja mapajani, akalishikilia kwa mikono miwili mpaka Tanga.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Aliniambia nikae kwenye benchi nitulie, nami nikamwitikia vizuri, na mlango ulipofungwa tu nikasimama. Nilitembea toka dirishani mpaka ngazini, ngazini mpaka dirishani, na mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Benchi lilikuwa tupu. Sikulikalia. Sikujua kama ndilo hilo alilokalia baba, au lake lilikuwa lingine lililokuwa mahali pake zamani, na sikutaka kujua.

Jua lilikuwa limeshapanda sana nesi alipotoka. Alikuwa mtu mzima kidogo, amechoka, anavua glavu. Akaangalia huku na huku, akanijia mimi.

"Wewe ndiye mtoto wa yule mzee wa Lushoto?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Poleni sana, mlichelewa kidogo kumleta." Akashusha pumzi. "Basi, mzee wako amepumzika."

 Neno alilonifundisha baba lilikuwa kooni, nalo lilikuwa na miiba. Kwetu mtu mzima hapigiwi kelele, na baba hatajwi hivyo, na watu walikuwa wamejaa ukumbini. Nikapiga kelele.

"Amelala au amekufa?"

Ukumbi mzima ukageuka. Nesi akarudi nyuma hatua nzima, mkono kifuani.

"Jamani, dada! Amelala! Amelala, imekwenda salama. Ee Mungu wangu, umenitisha!"

"Niambie tena."

"Amelala, mwanangu. Ni dawa ya usingizi. Ataamka."

Ndipo nikasema Alhamdulillahi. Niliisema kwa sauti, nikakaa kwenye lile benchi, na machozi yakawa yananitoka bila mpango. Nesi akakaa karibu nami, akanishika mkono, akawa anasubiri niseme neno. Nikamuuliza uji wa ulezi unauzwa wapi.

"Mzee hatakula wala kunywa kitu mpaka kesho," akaniambia.

"Najua," nikasema. "Nauliza tu unauzwa wapi."